Mtoto aliyekataa kamande nyumbani akazila kwenye sinia la Wahabeshi

JUMATANO moja mwezi jana tulitoka kliniki saa saba mchana, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Binti yangu wa miaka miwili na nusu alikuwa amelala begani mwa babake, kidole kimoja kimebandikwa pamba. Mkobani mwangu kulikuwa na kijitabu cha Mama na Mtoto, na ndani ya kijitabu nambari mpya: 9.4.

Hicho kilikuwa kipimo chake cha himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Kwa mtoto wa umri wake, Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 kwa kila desilita. Mimi ndiye huwaandikia habari za lishe katika ukurasa huu. Nimewahimiza humu, zaidi ya mara moja, muwape watoto vyakula vyenye madini ya chuma, na huenda baadhi yenu mlinisikia. Nyumbani kwangu sikusikika.

Mtaalamu wa lishe alikuwa mpole, lakini maswali yake hayakuwa na upole. Mtoto anakula nini? Nikajibu, anakula kila kitu. Jana alikula nini? Hapo nikaanza kukwama. Asubuhi chai ya maziwa na mkate. Saa nne chai tena, na mandazi. Mchana yaya alimpa wali na mchuzi, nyama akaitema. Saa kumi chai. Jioni ugali na sukumawiki kwenye sahani yetu, kisha chupa ya maziwa kabla ya kulala.

"Kwenye sahani yenu alikula kiasi gani?"

Nilimtazama mume wangu. "Alikula," akasema.

Tuliandikiwa dawa ya maji yenye madini ya chuma, tukaelezwa jinsi ya kumpa, kisha tukapewa agizo moja zaidi ambalo wakati huo nililiona dogo mno: mtoto awe na sahani yake mwenyewe kila mlo, ili tuone kilichowekwa na kilichobaki.

Nusu saa baadaye tulikuwa tumeketi kwenye mkahawa wa Kihabeshi mtaani Kilimani, tukingoja sinia moja la watu watano.

Haikuwa dharau kwa mtaalamu. Mlo huo tulikuwa tumeupanga wiki nzima. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Nakuru kututembelea. Wifi yangu naye, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa akiitamani injera kwa siku nyingi, na hamu ya mja mzito katika familia yetu haijadiliwi.

Mikahawa ya aina hii si migeni Nairobi. Wahabeshi wengi waliondoka kwao baada ya mapinduzi ya 1974 na miaka migumu ya utawala wa Derg iliyofuata, na leo utapata chakula chao Eastleigh, Hurlingham, Kilimani na kwingineko. Huu wetu ni wa kawaida tu: viti vya plastiki uani, mti wa avokado wa kutoa kivuli, nyimbo za Kiamhari kwenye televisheni, na sinki la kunawia mikono karibu na mlango. Sabuni ilikuwepo. Mimi hukagua sabuni kabla ya kusoma menyu, na kwa chakula kinacholiwa kwa mkono kutoka sinia moja, sioni kama hiyo ni tabia mbaya.

Mama hakuwa amewahi kula injera. Sinia lilipofika alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiki ni kitambaa cha meza ama ni chakula?"

Injera ni mkate bapa, mpana kama sinia lenyewe, laini, wenye vitundu vingi juu ambavyo wenyewe huviita macho. Aliyekula anjera ya Wasomali au chila za Pwani anaujua ukoo huo. Hutandazwa sinia zima, kisha mboga na michuzi hupakuliwa juu yake kwa mafungu. Hakuna kijiko. Unakata kipande kwa mkono wa kulia, unashika mboga kwacho, unatia kinywani. Ukimaliza mboga, unakula kilichozibeba, ambacho kufikia hapo kimelowa mchuzi wote. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Unga wake ni wa teff, nafaka yenye punje ndogo hata kuliko wimbi. Hukorogwa kwa maji, huachwa uchachuke siku mbili tatu, kisha humiminwa kwenye kikaango kipana na kuiva upande mmoja tu, bila kugeuzwa. Uchachu huo una faida ambayo wazazi wengi hatuijui. Nafaka na kunde huwa na kiambata kiitwacho faiteti, ambacho hushikamana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia kuingia mwilini. Kuchachusha huvunja sehemu ya faiteti hiyo. Nyanya zetu waliouacha uji wa wimbi uchachuke kabla ya kuupika walifanya kazi hiyo hiyo.

Lakini usitoke hapa ukikimbilia kununua teff. Ni kweli ina chuma na kalisi nyingi. Hata hivyo, sehemu ya chuma inayopimwa ndani yake hutokana na udongo unaochanganyika nayo wakati wa kupura, na hiyo mwili hauitumii vizuri. Tena ni ghali nje ya Ethiopia. Serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku kuuza nafaka hiyo nje mwaka 2006 ili bei isiwaumize raia wake, na ingawa masharti yalilegezwa baadaye, mikahawa mingi ya ugenini bado huchanganya teff na ngano, mchele au mtama. Nilipomuuliza mhudumu wetu hakuficha: yao ina ngano. Kama una mtoto ambaye mwili wake hauvumilii gluteni, usidhani kila injera ni salama. Uliza.

Kwa kuwa ilikuwa Jumatano, karibu kila meza ya Wahabeshi ilikuwa na sinia la kufunga, liitwalo beyaynetu. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hawali nyama, maziwa wala mayai siku za Jumatano na Ijumaa. Ukiongeza Kwaresma, ambayo kwao ni siku 55, na mifungo mingine, siku za namna hiyo hupita 180 kwa mwaka. Watu wanaokula hivyo nusu ya mwaka hawawezi kuruhusu mboga ziwe chakula cha adhabu. Kulikuwa na shiro, mchuzi mzito wa unga wa kunde. Kamande nyekundu zenye berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili na viungo. Kamande nyingine za manjano zisizo na pilipili, zenye bizari tu. Hizi huitwa alicha, na ni neno ambalo mzazi anafaa kulikariri kabla ya kuagiza. Sukumawiki, ambazo wao huziita gomen, zilizopikwa zikalainika kweli. Kabeji na karoti na viazi. Viazisukari, yaani kiazi kile chekundu cha saladi. Nyanya mbichi na vitunguu. Bei ilikuwa Sh900.

Nilianza kuhesabu. Wataalamu wa lishe wanagawa vyakula vya watoto wadogo katika makundi manane, maziwa ya mama yakiwa kundi moja, na hutaka mtoto wa chini ya miaka miwili apate angalau matano kwa siku. Wangu ameshapita umri huo, lakini hesabu bado inasaidia. Sinia lilikuwa na nafaka, kunde, mboga zenye vitamini A na mboga nyinginezo. Manne. Halikuwa na nyama, mayai wala maziwa, kwa hivyo kwa mtoto aliyepungukiwa damu halitoshi peke yake, maana chuma ya nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko ya mboga, na nyama kidogo husaidia hata ile ya mboga kuingia. Tukaongeza tibs, vipande vya ng'ombe vya kukaanga, tukaomba viive sana. Matano.

Kisha nikahesabu mlo wake wa siku iliyotangulia, ule niliomtajia mtaalamu. Mkate, mandazi, wali, ugali. Vyote vinne ni kundi moja.

Nilimwita mhudumu nikamwomba sahani ndogo ya mtoto.

"Ya nini?" Mama akauliza. "Sinia si hili hapa?"

Nikamweleza maneno ya kliniki. Hakufurahi. "Mwanangu, sisi tulikula watoto wanane sinia moja, na hakuna aliyepimwa damu."

"Kama hamkupimwa, Mama, mngejuaje?"

"Na wewe uliyempima," akasema, "umejua anakula nini?"

Mume wangu alijifanya anasoma menyu. Ilikuwa ya Kiamhari.

Mhudumu ndiye aliyetuokoa. Alileta kisahani, akakisukuma mpaka kikagusana na ukingo wa sinia mbele ya mtoto, akakitandika kipande cha injera, akachota kidogo kidogo kutoka kila fungu isipokuwa yale ya pilipili. Akamwambia Mama kwamba hata kwao kila mtu hula upande ulio mbele yake, havuki kwenda kwa jirani. "Huu ni upande wake, Mama. Tumeusogeza tu." Mama akanyamaza. Kwake hiyo ni sawa na kukubali.

Mtoto alikitazama kisahani, akakisukuma. Nilikuwa karibu kuanza nyimbo na ndege zangu za kijiko, maana hivyo ndivyo tunavyomlisha nyumbani, yeye peke yake saa kumi na mbili, simu ikiwa mbele yake inacheza katuni, sisi tukila saa mbili. Lakini wifi alikuwa ameanza mchezo mwingine. Aliviringa tonge la injera na shiro akamtia kakake mdomoni. Hiyo huitwa gursha. Wahabeshi hulishana tonge kwa mkono kama ishara ya upendo au heshima, mzee kwa kijana, mwenyeji kwa mgeni. Mama alipoelezwa maana yake alitengeneza tonge kubwa, akanielekeza nifungue mdomo. Mara ya mwisho kulishwa na Mama nilikuwa darasa la sita, nina malaria. Sikujua la kufanya na uso wangu.

Binti yangu alikuwa akifuata tonge kwa macho, kutoka mkono hadi mdomo, mdomo huu na ule. Kisha akafungua wake.

Mama alichota kutoka kisahani cha mtoto, si kutoka sinia. Nililiona hilo na sikusema kitu. Akampa kamande, zile zile ambazo nimempikia mara tatu mwaka huu na mara tatu nikazifuta sakafuni. Akatafuna. Akafungua tena.

Alikula matonge sita. La saba alifunga mdomo, akageuza shingo. Mama alikuwa tayari na mkono, na desturi ya gursha ni kusisitiza, lakini nilimwomba asubiri. Mtoto akifunga mdomo ameshajibu, na kumlazimisha humfundisha kuogopa chakula. Dakika chache baadaye alichukua kipande cha karoti mwenyewe.

Mwishoni nilikitazama kisahani kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Kamande nusu zilikuwa zimekwenda. Viazi na karoti vimeisha. Sukumawiki zimeguswa. Nyama yote ipo, vipande vinne, kama ilivyoletwa. Na injera imekwisha kabisa, ikimaanisha kwamba tumbo dogo lilijazwa zaidi na mkate kuliko kilichokuwa juu yake. Bila kisahani kile ningefika nyumbani nikasema alikula. Na bila sinia, nadhani asingekula. Siku hiyo Mama alikuwa sahihi na mtaalamu wa kliniki pia alikuwa sahihi, na ilinichukua muda kuona kwamba hawakuwa wakizungumzia jambo moja.

Wifi alikuwa amekuja kwa ajili ya kitfo: nyama ya ng'ombe iliyosagwa, samli yenye viungo na pilipili, kwa kawaida huliwa mbichi. Mhudumu aliuliza bila kuulizwa: mbichi, ya kupashwa kidogo, au iliyoiva? Swali zuri. Nyama mbichi ya ng'ombe inaweza kuleta tegu, na Wahabeshi walilijua hilo zamani. Maua ya mti wao wa kosso yalikuwa dawa ya minyoo hiyo kwa karne nyingi. Kwa mama mjamzito kuna hatari nyingine isiyoonekana, vimelea vya toksoplazma, ambavyo vinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho na ubongo. Nikamwambia wifi, iliyoiva kabisa.

"Hata hamu yangu utaiandikia makala?"

Kama unavyoona, dada. Alikula iliyoiva na akaomba nyingine ya kubeba.

Kwenye meza ya pili walikuwa wanakunywa tej kwenye chupa za shingo nyembamba. Ina rangi ya juisi ya embe na inanukia asali, na kila mtoto ataitaka. Ni pombe.

Kilichonitia hofu hasa si tej. Ni kahawa, au tuseme kilichokuja nayo. Wahabeshi huiandaa mbele yako: jiko la makaa chini, birika la udongo liitwalo jebena, ubani, na bakuli la bisi. Jiko lilikuwa kimo cha mtoto anayetambaa, kwa hivyo mume wangu alihamia upande ule akawa ukuta. Sote tulikuwa tukiangalia makaa. Hakuna aliyeangalia bakuli. Niliposikia kikohozi, binti yangu alikuwa na bisi mkono mzima na mashavu yamejaa.

Alikohoa kwa nguvu, akalia, akatema. Yote yalichukua labda sekunde kumi. Mama alisema ni bisi tu. Lakini bisi ni miongoni mwa vyakula ambavyo madaktari wa watoto hushauri asipewe mtoto wa chini ya miaka minne, pamoja na njugu nzima, kwa sababu ni vyepesi, haviyeyuki, na huvutwa kwa urahisi kwenye njia ya hewa mtoto akicheka au kukimbia. Mtoto akikohoa kwa sauti, mwache akohoe na usitie kidole mdomoni kutafuta usichokiona. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, na amepita mwaka mmoja, mwinamishe mbele, mpige mapigo matano ya nguvu kati ya mabega kwa kiganja. Ikishindikana, simama nyuma yake, mkumbatie, ukunje ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, na uivute ndani na juu mara tano, ukirudia hivyo kwa zamu huku mwenzako akiita msaada. Nimeyaandika haya humu miaka miwili iliyopita. Siku ile mikono yangu ilikuwa inatetemeka hata kabla sijaitumia.

Alipotulia alionyesha vikombe. "Chai."

Hapo ndipo palipouma. Chai na kahawa zina viambata vinavyozuia chuma ya mboga na nafaka kuingia mwilini, na watu wazima wenye upungufu wa damu hushauriwa kuvinywa mbali na chakula, angalau saa moja. Binti yangu alikuwa akipewa chai pamoja na kila kitu. Maziwa nayo ni mazuri, lakini mtoto wa umri wake akipitisha nusu lita kwa siku anashiba na kukosa nafasi ya chakula chenye chuma, na maziwa yenyewe yana chuma kidogo sana. Chai ya maziwa mara tatu na chupa ya usiku. Niliijumlisha pale mezani, nikaijumlisha tena. Tukamwagizia juisi ya machungwa, kwa kuwa vitamini C hufanya kinyume cha chai, husaidia chuma kuingia. Alilia kwa sababu haikuwa chai, kisha akainywa.

Kahawa ya Wahabeshi ni vikombe vitatu kutoka unga ule ule, maji yakiongezwa: abol, tona, na cha tatu baraka, neno lile lile letu. Kwa wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku, Shirika la Afya Duniani hushauri wapunguze, na vikombe vile ni vidogo. Wifi alitaka kimoja. Nikamwambia angoje cha tatu, kwa sababu ndicho chepesi.

"Kwa hivyo mara hii umeniruhusu baraka," akasema.

Sasa ni wiki ya tano. Tunakula saa moja usiku, sote, simu zikiwa chumbani. Kuna sahani ya plastiki ya kijani inayogusana na sahani yetu. Chai ya mtoto imehamia saa kumi peke yake, na siku tatu za kwanza za mabadiliko hayo sitaki kuzikumbuka. Dawa anapewa kila siku, na kama damu itapanda najua dawa ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Bado anatema nyama, ila maini yaliyosagwa ndani ya kamande hayajui. Ameanza kusema "gusha" akitaka tonge, na siku nyingine hulisema akitaka kunilisha mimi.

Mama alisharudi Nakuru. Zamani alipopiga simu aliuliza kama mtoto anakula. Siku hizi anauliza kumebaki nini kwenye sahani. Jana zilibaki ndengu karibu zote na nusu ya yai. Tunarudi kupima damu Jumatano ijayo.